Matatu za Mamboleo hadi mjini Kisumu: asubuhi nzuri, jioni zinatuacha njiani

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule pale Kibuye, na nyumbani ni Mamboleo. Siku sita kwa wiki napanda matatu kwenda na nyingine kurudi. Bodaboda siiwezi nikiwa na furushi la vitambaa, na kukodi tuktuk peke yangu ni kuipa faida ya siku nzima. Kwa hivyo haya ni maneno ya mtu anayezitegemea hizi gari kwelikweli.

Asubuhi sina lalamiko. Ukifika steji ya Mamboleo kabla ya saa moja, humalizi dakika tano umesimama. Wafanyakazi, wanafunzi, akina mama wanaowahi soko la Jubilee, wote wanatoka wakati mmoja, gari linajaa na kung'oa. Kondele wanashuka wachache na kupanda wengine, kisha konda anaanza kuita "Russia! Russia!" Ndivyo tunavyoiita hospitali ya Jaramogi hadi leo, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Kutoka hapo ni dakika chache tu, niko Kibuye. Nalipa shilingi 50, na furushi nikilipakata halitozwi.

Saa nne mambo hubadilika. Gari haliondoki hadi lijae, na abiria ni wa kuokoteza. Dereva anawasha injini, anasogea mbele hatua mbili, anarudi nyuma, ili ukimbie ukidhani linaondoka. Ndani unakuta viti vimekaliwa, kimebaki kimoja tu, unashukuru Mungu unaketi. Halafu yule kijana wa dirishani anashuka. Wa nyuma yake anashuka. Kumbe waliwekwa pale kama chambo, na sasa mko watatu ndani ya gari lenye joto la Kisumu na madirisha mawili yasiyofunguka. Nimewahi kukaa hivyo dakika arobaini, na mteja ananipigia simu akiuliza sare ya mtoto iko wapi. Huu ni uongo, na ningependa uishe.

Lakini linaloniuma zaidi ni jioni.

Jioni unapanda mjini, unalipa hadi Mamboleo, mnafika Kondele konda anagonga bodi: "Mwisho wa gari! Shukeni, ya nyuma itawabeba." Hesabu yao naielewa. Saa hizo abiria wamejaa mjini wakitaka kurudi makwao, kwa hivyo akigeuzia Kondele anapata raundi nyingine, na mwenye gari anangoja pesa zake za siku. Lakini mimi sikulipa nauli ya Kondele.

Mwezi Aprili mwaka jana nilikuwa na mamangu, tukitoka kliniki yake ya magoti. Tulikuwa tumechelewa na mvua ilikuwa inanyesha. Siku hiyo nauli ilipandishwa hadi 100 kila mtu, nikalipa 200 bila kusema neno kwa sababu nilitaka afike nyumbani. Kutoka Russia hadi Kondele ni karibu mno, hata kiti hakijapata joto, tukashushwa. Gari la nyuma likaja, konda wake akasema hajui habari ya pesa zetu, tulipe tena. Mama alisimama kando ya barabara ameficha bahasha ya dawa ndani ya leso isilowe, mkono mmoja umenishika bega. Ana miaka 71. Sitaisahau ile picha.

Na bado kuna makonda wazuri katika njia hiihii, lazima niwataje. Yuko kijana mmoja, siku za kliniki huomba Mungu nimpate yeye. Akimwona mama anakuja polepole, anagonga bodi mara mbili dereva asisogee, anashuka, anamshika kiwiko na kumwambia, "Dani," yaani bibi kwa Kijaluo, "usiharakishe. Gari haliendi bila wewe." Humkalisha karibu na mlango ili asipite kwenye magoti ya watu. Chenji humpa mkononi kabla hatujafika, noti zimenyooshwa, haombwi. Huyo hajawahi kutushusha Kondele.

Kuhusu kujaza watu kupita kiasi, kila mtu anajua. Nisani imeandikwa abiria 14 mlangoni, na sheria za matatu za waziri Michuki zilianza kutekelezwa Februari 2004, lakini saa moja jioni nimehesabu 19, wawili wamekalia kibao kati ya viti. Mbele ya polisi kibao kinafichwa.

Kama ni alama, asubuhi nazipa nne kati ya tano, jioni mbili. Wenye magari wakikubaliana jambo moja tu, kwamba aliyelipa Mamboleo afike Mamboleo, mimi nitaongeza hizo alama kwa furaha.

Wewe unayezipanda jioni, uliza ukiwa bado chini: "Inafika Mamboleo ama inageuzia Kondele?" Uliza kwa sauti, abiria wengine wasikie jibu. Siku hizi mimi silipi kabla hatujavuka. Konda akikasirika, namwonyesha noti ya hamsini mkononi, namwambia: ni yako hii, ndugu yangu, tupite Kondele kwanza.