Niliomba waini nyeupe ya mchuzi wa pilipili, nikapewa dharau

Nyota moja kwa duka. Kwa chupa yenyewe bado moyo wangu haujatulia, lakini nianze na yule kijana wa kaunta maana hasira zangu ziko kwake.

Nilimuuliza kwa adabu kabisa. Nilikuwa natafuta waini nyeupe ya bei nafuu, yenye utamu kidogo na kileo kisicho kikali, ya kunywa na mchuzi wa kuku wenye tangawizi, iliki, bizari, tui la nazi na pilipili mbichi za kutosha. Hata kunitazama hakunitazama. "Dada, waini tamu ni ya watu wanaojifunza kunywa." Nikamwambia kaka, sijaomba sharubati, nimesema utamu kidogo. Akamgeukia mwanamume aliyesimama nyuma yangu, akacheka naye: "Pilipili na waini wapi na wapi?" Kisha akanisogezea Chardonnay, waini nyeupe nzito iliyolazwa kwenye pipa la mwaloni, kileo asilimia 14.5. "Hii ndiyo waini. Ikikuwasha, kunywa maji." Foleni ilikuwa imeshafika mlangoni na wageni wangu walikuwa njiani. Nikalipa.

Sasa sikilizeni kilichotokea mezani. Wifi yangu alikula vijiko kadhaa, akapiga funda moja, akanyamaza. Akapiga la pili, akaiweka glasi mbali. "Wifi, leo pilipili umezidisha?"

Sikuzidisha. Ni mchuzi uleule anaoula kila akija, na kila akija huomba aongezwe. Nikauonja mwenyewe bila waini, uko sawasawa. Nikanywa waini, nikaonja tena: moto mtupu, na nyuma yake uchungu kama mbao zilizoungua. Iliki imepotea, tui limepotea, tangawizi imegeuka kero. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata kile kicheko cha dukani. Waini isiyofaa haijilaumishi yenyewe. Inamlaumisha mpishi. Mtu ameshinda jikoni tangu mchana, halafu chupa moja inageuza kazi yake yote ionekane amekosea vipimo.

Wala si mambo ya kubahatisha. Kapsaisini, kile kinachowasha ndani ya pilipili, huamsha vipokezi vilevile vya mdomoni vinavyotuambia kitu ni cha moto. Kileo nacho huvichokoza vipokezi hivyohivyo. Huvifanya viamke kwenye joto la chini kuliko kawaida, hadi joto la mdomo wenyewe linatosha kuviwasha. Ndiyo maana asilimia 14.5 juu ya pilipili mbichi ni sawa na kuongeza pilipili nyingine sufuriani. Mwaloni nao una ukakasi wake, na ukakasi ukikutana na pilipili hugeuka uchungu. Na yale maji aliyonishauri kwa kiburi? Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Yanapoza kidogo yakiwa mdomoni, ukimeza tu moto unarudi. Mtu anauza vinywaji kila siku na hili halijui, lakini kucheka wateja anajua.

Usiku ule nilikuwa tayari kuandika kwamba ile Chardonnay ni takataka. Nashukuru sikuandika. Nusu ya chupa ilibaki kwenye jokofu, na siku iliyofuata nikainywa na samaki wa siagi na kitunguu saumu, bila chembe ya pilipili. Jamani, ilikuwa nzuri! Ilikuwa nzito kiasi, na ile vanila ya mwaloni ilikaa juu ya siagi kana kwamba vimepikwa pamoja. Kwa hiyo chupa haina kosa lolote, na hapo ndipo nilipokasirika upya. Waini nzuri imepelekwa mahali isipofaa na mtu ambaye kazi yake ni kujua inafaa wapi.

Baadaye nilirudi palepale kununua kitu kingine kabisa. Nikainama, na kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya makopo ya soda, nikaona vumbi na shingo za chupa. Chenin Blanc nusu kavu, yaani waini nyeupe yenye utamu kidogo tu, ya Afrika Kusini. Kando yake Riesling, nyeupe nyingine, ya bonde la Mosel, Ujerumani, imeandikwa Kabinett, yaani ile aina yao nyepesi, kileo asilimia 8.5. Zote mbili bei yake ilikuwa chini ya ile Chardonnay. Yaani nilichoomba kilikuwepo siku ileile, hatua chache kutoka kaunta.

Nilichukua Chenin. Ni zabibu inayopandwa kuliko nyingine yoyote kule Afrika Kusini, ndiyo maana nzuri zake hupatikana bila kuumiza mfuko. Nikapika mchuzi uleule, pilipili zilezile, nikamwita wifi bila kumwambia chochote. Chupa niliipoza vizuri, kama nyuzi 8 hivi, maana ubaridi nao hutuliza mdomo. Utamu ule mdogo ulipita juu ya ukali wa pilipili, ukaupunguza bila kuufuta. Uchachu ukakata mafuta ya tui, kila tonge likaja kama la kwanza. Iliki ikarudi! Nilikuwa nimesahau kwamba niliitia kwa wingi. Wifi alimaliza sahani, akasogeza sufuria karibu yake. "Leo ndiyo umepika," akasema. Nilitaka kumbusu na kugombana naye kwa wakati mmoja.

Riesling niliifuata baadaye na kwa pilipili kali naiweka mbele hata ya Chenin, kwa sababu ya kile kileo chake cha chini. Ila soma lebo vizuri: Riesling iliyoandikwa trocken ni kavu, yaani haina utamu, na ukiichukua ukitegemea utamu wa kutuliza pilipili hutaupata. Gewürztraminer, nyeupe yenye harufu nyingi, wengi huisifia kwa vyakula vya viungo. Mimi naikubali nusu. Harufu yake ya waridi na tangawizi inapendeza sana penye mdalasini na iliki, lakini mara nyingi kileo chake hufika asilimia 13 au 14, kwa hiyo pilipili zikiwa nyingi naiacha. Sauvignon Blanc, nyeupe yenye uchachu mkali, ni ya siku ya chakula cha kotmiri na ndimu, basi.

Nilikuwa nimeshalainika. Nikasema duka lenye Riesling ya Mosel kwa bei ile haliwezi kupewa nyota moja, nitalipatia nyota tatu, hata nne. Nikapita kaunta na chupa zangu, kijana ni yuleyule. Nikamuuliza bila ukali: kaka, mbona siku ile hukunionyesha hizi? Akainua mabega. "Hukuitaja jina."

Sikuitaja jina! Nilimtajia utamu, nilimtajia kileo, nilimtajia bei, nilimtajia mpaka bizari iliyomo sufuriani. Mteja afanye nini zaidi ya hapo? Asomee zabibu za dunia nzima ndipo aruhusiwe kununua chupa ya kulia chakula na ndugu zake? Wanaopika kwa viungo ni wengi, wanapenda chakula chao, wana hela ya chupa ya kawaida, na kinachowafukuza kwenye waini ni watu kama huyu, wanaowafanya waamini kwamba chakula chao ndicho chenye ila.

Nyota inabaki moja. Chenin na Riesling ni tano kila moja, Chardonnay nne ukiwa na samaki wa siagi. Ukienda pale, usipoteze muda kaunta, nenda moja kwa moja rafu ya chini nyuma ya soda. Na siku nikizikuta chupa hizo kwingine, hata kama bei imezidi kidogo, nahama.