TAHADHARI: "Fundi wa kuharakisha tovuti" anayezunguka Lubumbashi

Wafanyabiashara wa Lubumbashi, na nyinyi wa Likasi na Kolwezi, someni hii kabla hamjampa mtu neno la siri la tovuti yenu. Kuna kijana anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wauzaji akisema anaharakisha tovuti na kuzilinda dhidi ya wadukuzi. Jina lake silitaji. Ninayoyajua mimi ni matatu, na namba ya simu ameshabadilisha. Nitaeleza anavyofanya kazi, mtamtambua kwa hilo.

Sisi tunauza vipuri vya magari hapa Kampemba. Tovuti tuliijenga wenyewe mwaka 2021 kwa WordPress, programu ya bure ya kujengea tovuti, mimi na leki wangu, yaani mdogo wangu. Haikuwa na urembo wowote, ila dereva wa Hiace aliyekwama Kasumbalesa aliweza kuona picha ya taa, kuona bei, na kutupigia. Ubaya wake ulikuwa uzito. Kwa simu yangu ukurasa wa kwanza ulichukua sekunde 19 kufunguka, nilihesabu kwa saa ya ukutani. Mteja gani atasubiri sekunde 19 kuangalia taa?

Kijana akaja na "uchunguzi wa bure". Alinitumia picha ya skrini yenye duara jekundu na namba 31 katikati. "Mama, site yenu iko inakufa. Google itaitoa." Niliogopa. Sikujua kwamba ile ni PageSpeed Insights, chombo cha Google kilicho wazi kwa kila mtu: unaandika anwani yoyote, unasubiri kidogo, unapata alama kutoka 0 hadi 100. Kuanzia 90 inakuwa kijani. Hakuna uchunguzi wowote aliokuwa amefanya, alibonyeza kitufe tu. Na alama mbaya haimaanishi kwamba Google inakufuta.

Tukakubaliana dola 150. Siku mbili baadaye akanitumia duara la kijani: 98. Nikamlipa palepale kwa simu, nikamwambia Mungu akubariki.

Jioni nikafungua tovuti kwa simu yangu. Sekunde 17.

Nikampigia. "Mama, hiyo ni réseau", yaani mtandao. Nikakubali, maana réseau ya kwetu nani ataitetea? Ni leki wangu ndiye hakulala. Aliingia kwenye faili za tovuti, akaenda kwenye faili moja la mandhari, yaani mavazi ya tovuti, akaniita: "Yaya (dada), njoo uone. Njo ule mutu anatuibia." Mstari mmoja mrefu, umesukumwa mbali kulia mpaka usiuone bila kuvuta skrini. Maana yake kwa lugha ya kawaida: anayekuja akitambulika kuwa ni Lighthouse, usimpe picha wala skripti, mpe ukurasa mtupu, wengine wote wape mzigo uleule wa zamani. Lighthouse ndiyo mashine ya Google inayotoa zile alama. Yaani mkaguzi alipewa karatasi nyeupe, wateja wetu wakaendelea kubebeshwa matofali. Kwetu kwenye vipuri mtu wa aina hiyo tunamjua: bampa lililopasuka analijaza mastiki, analipaka rangi, anakuuzia kama jipya.

Kumkamata ni rahisi, hata kama husomi msimbo. Ndani ya ripoti ya PageSpeed kuna picha ndogo ya ukurasa kama mashine ilivyouona. Ya kwetu ilionyesha jina la duka juu na weupe chini, hakuna hata taa moja. Ningeitazama hiyo picha badala ya namba, dola 150 zingebaki mfukoni. Tena, tovuti yenye wageni wa kutosha huonyeshwa juu ya ripoti vipimo vya watu halisi wanaotumia Chrome, vya siku 28 zilizopita. Hivyo mstari wa ujanja hauvigusi. Na kabla ya yote hayo chukua simu yako, zima Wi-Fi, fungua dirisha la faragha, hesabu mwenyewe.

Mtauliza kwa nini sikumfukuza siku hiyo. Kwa sababu alisema ni "makosa ya programu", akaufuta ule mstari, na wakati huohuo akaniuzia hofu ya pili. Akaniletea ripoti: "Mashambulizi 4.812 yamezuiwa wiki hii." Kila Jumatatu ripoti kama hiyo, na kila mwezi dola 25 za ulinzi. Leo najua kwamba kila tovuti ya WordPress duniani, hata iliyozaliwa jana, inagongwa mlango mchana na usiku na roboti zinazojaribu maneno ya siri. Plagini za ulinzi za bure, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye WordPress, zinazizuia na kuzihesabu. Aliweka mojawapo, akawa ananitumia hesabu yake kama bili. Cheti cha usalama, kile kinacholeta kufuli kwenye anwani katika baadhi ya vivinjari, alinitoza dola 60 kwa mwaka. Nilipobonyeza kufuli kuona nani amekitoa, nikakuta Let's Encrypt. Hao wanatoa vyeti bure, vya muda mfupi, na seva nyingi, yaani kompyuta zinazobeba tovuti, zinavihuisha zenyewe bila mtu kunyanyua kidole.

Sasa sehemu iliyoniumiza. Alituwekea plagini tano "orijino za kulipia", akasema ametulipia kutoka mfukoni mwake. Zilikuwa nakala zilizovunjwa kufuli. Watu wanadhani ubaya wa nakala hizo ni wizi tu. Ubaya mkubwa ni kwamba masasisho hayakufikii kutoka kwa mwenye nayo, kwa hiyo kila tundu linalogunduliwa linabaki wazi kwako. Na aliyevunja kufuli mara nyingi haondoki bila kuacha kitu ndani.

Baada ya miezi miwili shemeji yangu wa Likasi akanipigia: "Mmeanza kamari?" Alikuwa ametafuta duka letu Google, akakuta kurasa za kasino chini ya jina letu. Nikifungua tovuti mimi, sioni kasino. Zilikuwa zinaonyeshwa kwa roboti ya Google peke yake, na kwa mtu anayetoka kwenye matokeo ya Google. Mwenye duka anayeandika anwani moja kwa moja haoni kitu. Jaribuni sasa hivi: andikeni kwenye Google neno site, alama ya nukta mbili (:), kisha anwani yenu bila kuacha nafasi. Zitatokea kurasa ambazo Google inazijua kwenu. Ukiona usiyoyaandika, una mgeni ndani.

Mgeni wetu tulimwona kwa namna ambayo bado inanichekesha. Kwenye orodha ya watumiaji, juu, paliandikwa "Administrateur (3)". Chini mistari ilikuwa miwili: mimi na leki. Tukahesabu tena, kama watoto. Wa tatu alikuwepo, msimbo ulikuwa unamficha asionekane kwenye orodha, ila ule msimbo ulisahau kurekebisha hesabu.

Nikamwuliza kijana. Akasema tovuti "imeshambuliwa", kusafisha ni dola 80. Nikakataa. Kesho yake asubuhi mahali pa duka letu palikuwa na ukurasa mweupe: "Compte suspendu", akaunti imesimamishwa. Maana mwezi wa kwanza alikuwa ameihamishia tovuti kwenye seva "yenye mbio zaidi", na seva hiyo ilikuwa kwenye akaunti yake, si yetu. Ujumbe ukafuata: dola 400, au niisahau.

Kilichotuokoa ni ukaidi wa leki. Wakati ule wa kuhama, kijana alidai pia ile namba ya siri ya kuhamisha domeni, yaani jina la tovuti yetu, akisema jina likiwa kwake tovuti itakwenda haraka. Huo ni uongo mtupu. Domeni kuwa kwenye akaunti ya fulani au ya fulani hakuongezi mbio hata kidogo. Leki alikataa, nikamgombeza kwa kumzuia fundi kazi. Nimeshamwomba msamaha mbele ya mama yetu. Kwa kuwa jina lilibaki kwenye akaunti yetu, tulinunua nafasi kwenye seva nyingine kwa jina letu, tukaielekeza domeni huko, na kufikia kesho yake wateja wakaanza kutuona tena. Angekuwa nayo, tungekuwa tunalipa hadi leo.

Tovuti yenyewe tuliirudisha kutoka kwenye flashi iliyokuwa kwenye droo ya risiti, bekapu ya miezi minane nyuma, ya kabla huyu kijana hajaingia. Bidhaa zote za miezi minane zilikuwa hazimo. Maandishi kadhaa tuliyakuta kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya bure inayotunza nakala za kurasa za zamani. Picha tulizikusanya kutoka kwenye simu zetu. Oda za wateja zilipotea kabisa. Wawili wamenidai taa walizokwisha kulipia, nimewapa bila kubishana.

Kuhusu mbio, tulizipata wenyewe kwa jioni mbili, katikati ya umeme kukatika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha 40, kila moja kama ilivyotoka kwenye simu, megabaiti 5 na zaidi. Hesabuni wenyewe mzigo huo kwa mtu anayenunua megabaiti kwa franga. Tukabakiza 12, tukazipunguza hadi upana wa pikseli 1.200, tukazigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na hakuna iliyozidi kilobaiti 150. WordPress inazipokea WebP tangu toleo 5.8 la mwaka 2021. Zile picha zinazojizungusha zenyewe juu ya ukurasa tukazitoa, hakuna mteja aliyewahi kuzisifu. Tovuti ilikuwa bado inatumia PHP, lugha inayoiendesha WordPress, toleo 7.4, lililoachwa kutunzwa tangu Novemba 2022. Kwenye paneli ya seva kuna mahali pa kuchagua, tukachukua bekapu kwanza, tukapanda hadi 8. Mwisho plagini moja ya kashe, ile inayotunza nakala ya ukurasa ikiwa tayari, moja tu. Simu ileile, saa ileile ya ukutani: sekunde 4. PageSpeed inatupa 74, na hiyo 74 ni yangu, si ya mastiki.

Baadhi yenu mtauliza kwa nini sijamshitaki. Nilimlipa kwa simu, bila karatasi, kwa akaunti yenye jina la mtu mwingine. Mwenye karatasi aende, nitakuja kutoa ushahidi. Wala sisemi mafundi wote wako hivi. Aliyetusaidia kukagua baadaye aliomba tumfungulie akaunti yake mwenyewe, akafanya kazi jioni moja, akaondoka akisema "Mama, sasa nifuteni". Namba ya domeni hakuiulizia.

Sasa nasikia amehamia kwa wauzaji wa vitenge na wenye mahoteli madogo, bado na uchunguzi wa bure na duara jekundu, na sasa anasema yeye ni "ingénieur" aliyetokea Kinshasa. Kama ameshaingia kwako, usimgombeze kwanza. Chukua bekapu kimyakimya, ipakue kwenye kompyuta yako. Hakikisha domeni na seva viko kwenye akaunti zenye barua pepe yako. Kisha badilisha maneno ya siri yote usiku mmoja: WordPress, paneli ya seva, FTP (njia ya kupandisha faili), hifadhidata, na ile barua pepe yenyewe. Badilisha na zile funguo ndefu zilizo ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, kufanya hivyo kunawatoa nje wote waliokwisha kuingia, hata aliyeingia kwa akaunti usiyoiona. Plagini alizoleta futa, chukua kutoka kwa wenyewe. Angalia folda ya uploads: humo panapaswa kuwa na picha na nyaraka, ukikuta faili linaloishia na .php, lichunguze kabla ya kitu kingine chochote. Angalia pia folda inayoitwa mu-plugins, kwa sababu vilivyomo havionekani kwenye orodha ya kawaida ya plagini na havizimiki kwa kitufe. Uchafu wa kwetu ulikuwa humo, faili moja, kilobaiti 3, lenye jina la heshima kabisa: security.php.