Miezi Kumi na Minne na Bastola ya Mfukoni, Moshi

Nauza vifaa vya ujenzi kwa jumla mjini Moshi, na mara mbili kwa wiki huenda Himo na Holili kukusanya fedha za wateja ambao hadi leo hupenda kulipa taslimu. Kwa miaka saba nilimiliki kihalali bastola kubwa ya milimita 9 ambayo kwenye uwanja wa shabaha sikuwa na malalamiko nayo yoyote. Tatizo lake ni kwamba haikuwa ikitoka nyumbani. Ikijazwa risasi ilikaribia kilo moja, iliuvuta mkanda upande mmoja hadi nikawa natembea kama mtu aliyeteguka nyonga, na kwa joto la Februari hapa Moshi huwezi kuvaa koti la kuifichia bila kila unayekutana naye kukuuliza kama una malaria. Kwa hiyo silaha ilibaki kwenye kabati la chuma, na mimi nikasafiri na fedha bila chochote. Leseni nilikuwa nayo, ada nililipa, ila ulinzi sikuwa nao.

Niliamua kuibadilisha nipate ya kuingia mfukoni. Habari ya maombi nitaipita haraka: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, leseni hutolewa na Jeshi la Polisi, na anayedhani kwamba kwa kuwa tayari ana leseni ya silaha moja anaweza kuibadilisha dukani kama anavyobadilisha simu, atarudi nyumbani na aibu yake. Nilianza upya kwa mwenyekiti wa mtaa na nikasubiri miezi. Silalamiki, kwa maana muda huo ndio ulionipa nafasi ya kushika na kufyatua bastola nne chini ya usimamizi wa mwalimu wangu wa shabaha, mwanajeshi mstaafu ambaye sote tunamwita Afande.

Siku ya kwanza nilimwambia natafuta kitu kidogo na chepesi, kisichonisumbua. Akacheka. "Mzee, ndogo ndiyo inayosumbua. Kubwa inabeba kazi yenyewe. Ndogo inakuachia wewe." Sikumwelewa hadi nilipofyatua. Bastola nyepesi haina uzito wa kumeza nguvu ya risasi, kwa hiyo nguvu hiyo yote huishia kiganjani. Mtutu wake ni mfupi, na umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni mdogo kiasi kwamba mkono ukitikisika kidogo tu, kosa linaonekana kubwa kwenye karatasi mita saba mbele yako.

Ya kwanza ilikuwa Walther PPK ya milimita 7.65, muundo uliotoka Ujerumani mwaka 1931, miaka miwili baada ya kaka yake mkubwa, PP. Nakiri kwamba nilienda pale nikiwa nimeshaipenda, kwa sababu hakuna bastola ndogo iliyo nzuri machoni kama hiyo. Mapenzi yalipoa nilipojaribu kuikoki, yaani kuvuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, ili risasi iingie mtutuni. Mtutu wa PPK umefungwa imara kwenye kiunzi chake, na kinachozuia slaidi isirudi nyuma kabla ya wakati ni uzito wa slaidi yenyewe pamoja na springi tu, hivyo springi hiyo haina budi kuwa ngumu. Mimi dole gumba langu la kulia liliwahi kuvunjika nilipoanguka na baiskeli nikiwa kijana, na kila nilipovuta slaidi ile nilikumbushwa. Mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, halafu inayofuata ni mifupi na laini, kana kwamba umepewa silaha mbili ndani ya moja. Anayefanya mazoezi kila wiki atazoea, mimi si mtu huyo. Juu ya hayo, chuma chake kina karibu gramu 600 kabla hujatia risasi, na suruali ya kitambaa haifichi siri ya namna hiyo.

Kuna jambo lingine kuhusu risasi ya 7.65 ambalo wauzaji hawalisemi. John Browning alipoibuni, mwaka 1899, aliipa kitako chenye ukingo unaochomoza kidogo nje ya ganda. Zikipangwa vibaya kwenye magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, ukingo wa risasi ya juu ukaangukia nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinafungana na hazitoki mpaka uichomoe magazini na kuzitenganisha kwa mkono. Zikipangwa vizuri hazina shida, lakini wewe ndiye utakayekumbuka kuzipanga.

Ya pili sitaitaja chapa. Ilikuwa ya mkono wa pili, ya milimita 6.35, ndogo hata ikafunikwa yote na kiganja, na muuzaji aliisifu kama anayemsifu binti wa kuposwa. Kwa haki, risasi ya 6.35 ina sifa yake ya kweli: fataki, ile inayowasha baruti, iko katikati ya kitako, hivyo hulipuka kwa uhakika zaidi kuliko zile za .22 ambazo baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo. Lakini katika risasi thelathini bastola ile ilikwama mara mbili, ganda likisimama wima mlangoni kama mgeni asiyejua aingie au atoke. Afande aliichukua magazini, akaiangalia kwenye mwanga, akanionyesha kwamba midomo yake ilikuwa imepinda. Muuzaji alisema ni jambo la kunyoosha tu kwa koleo. Niliirudisha mezani kwake.

Ya tatu ilikuwa Ruger LCP, na hapa ilibaki kidogo ninunue. Ilitoka Marekani mwaka 2008, ina uzito wa takriban gramu 270, na magazini yake hubeba risasi sita za milimita 9 fupi, ambayo ni tofauti kabisa na milimita 9 ya kawaida na haziingiliani. Nimewahi kumwona mtu dukani akigombana na muuzaji kwa kutojua hilo. Mfukoni LCP inasahaulika. Mkononi haisahauliki: baada ya risasi ishirini ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilikuwa imewiva, na nilikuwa nimeanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, dalili ambayo Afande huisoma kwenye karatasi ya shabaha bila hata kukutazama usoni. Anayetaka ya mkono wa pili aangalie ni ya lini, kwani zile za mwanzo kampuni yenyewe iliziita kiwandani mwaka huohuo wa 2008 kwa sababu zingeweza kufyatuka zikidondoka.

Nilishika pia rivolva ya risasi tano. Ni silaha ya kuaminika kwa kila hali, ila silinda yake ilichora duara kwenye suruali yangu ambalo mke wangu aliliona kutoka jikoni.

Nilichonunua ni Glock 42, iliyotoka mwaka 2014. Inatumia risasi ileile ya LCP, sita kwenye magazini, ina urefu wa sentimita 15 na kidogo, na uzito wa gramu 390 pamoja na magazini tupu. Zile gramu 120 za nyongeza ndizo nilizozilipia. Mtutu wake hujifunga na slaidi kisha huinama kuachia wakati nguvu imeshapungua, kwa hiyo springi haihitaji kuwa ngumu kama ya PPK, na dole gumba langu linaikoki bila manung'uniko. Triga ina mvuto mmoja, risasi ya kwanza hadi ya sita.

Sikuibeba siku niliyoichukua. Nilifyatua risasi mia mbili katika Jumamosi nne, zote za aina ileile inayouzwa dukani ninakonunua, kwa kuwa sioni maana ya kuipima bastola kwa risasi ambazo sitazipata tena. Katika hamsini za kwanza ilikwama mara moja. Nilikuwa tayari nimeanza kuilaumu, Afande akasema, "Kaza kifundo, si mpini tu." Bastola ndogo zinategemea mkono uwe ukuta, kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi inakosa nguvu ya kumaliza safari yake. Mia moja na hamsini zilizofuata zilipita bila tukio.

Kasoro zake zipo. Glock 42 haina kitasa cha usalama cha kusukuma kwa kidole; usalama wake mkuu ni ulimi mdogo ulio kwenye triga yenyewe, maana yake kitu chochote kitakachoingia mbele ya triga na kuivuta kinaweza kuifyatua. Kwa hiyo haiingii mfukoni uchi hata kwa dakika moja. Nina ala ngumu, wengi tunaiita holsta, inayofunika triga yote na kubaki mfukoni bastola inapotolewa, na mfuko huo hauna ufunguo, sarafu wala kalamu. Kidole cha mwisho hakina pa kushika mpini. Kwenye suruali ya jinzi ya kubana haiingii, na usiniulize kwa nini mtu wa umri wangu alijaribu.

Mifuko ya suruali za dukani haifai. Ni mifupi, na kitambaa chake cha ndani hutoboka ndani ya miezi miwili. Suruali zangu nne zimetiwa mifuko mipya ya kaki, mirefu kwa inchi mbili, na fundi cherehani mmoja wa Mbuyuni ambaye anaamini kwamba ninabeba simu mbili. Kinachonisumbua zaidi ni vumbi. La barabara, la saruji ya dukani na nyuzi za kitambaa hujikusanya ndani ya slaidi, na jasho la kiangazi huacha doa kwenye vipande vya chuma. Kila Jumapili baada ya ibada naifungua, naifuta, naitia mafuta kidogo, kidogo kweli, kwa sababu mafuta mengi hushika vumbi na kuwa tope.

Mahali nilipokwama ni benki, ambako mlangoni kuna katazo la silaha na mlinzi hana utani. Ilinibidi nibadilishe mpangilio wa siku: nikitoka Himo napita nyumbani kwanza, naifunga bastola kwenye kabati la chuma lililopigwa bolti ukutani, magazini upande mmoja na funguo shingoni mwangu, ndipo nampitia kijana wangu wa dukani twende pamoja kuweka fedha. Mama watoto anasema hicho kipande cha njia kati ya nyumbani na benki ndicho hatari kuliko vyote. Ana haki, na sasa wateja watatu wa Holili nimewashawishi walipe kwa simu.