Apu za mikopo zenye leseni: udai umetulia, bei bado imejificha

Ukizipima apu za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya kwa namna zinavyodai deni, zimepiga hatua kubwa. Ukizipima kwa uwazi wa bei, nyingi tungezinyima alama ya kupita, na mwanya huo umeachwa na kanuni zenyewe.

Tuanze na udai. Kabla ya Machi 2022, aliyechelewa kulipa siku mbili angeweza kukuta jumbe za aibu zimemfikia mwajiri, mama mkwe na mwenye nyumba. Kanuni za Benki Kuu za mwaka huo zilipiga marufuku vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Mwaka 2023 Google nayo ilizizuia apu za mikopo kusoma majina na picha zilizo kwenye simu. Hatari iliyobaki kubwa ni apu inayopakuliwa kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya duka rasmi. Kabla ya kukopa, fahamu kwamba jina unaloliona dukani ni la biashara, ilhali orodha ya Benki Kuu ina jina la kampuni. Litafute jina la kampuni kwenye maelezo ya mtengenezaji au kwenye masharti, kisha ulinganishe. Apu ikiomba ruhusa ya kusoma majina ya simu, iache hapo hapo. Kuifuta baadaye hakurudishi nakala ambayo imeshachukuliwa.

Sasa bei. Chukua mkopo wa Sh5,000 wa siku 14 wenye "ada ya huduma" ya asilimia 15 inayokatwa mwanzoni. Mkononi zinaingia Sh4,250, lakini utalipa 5,000. Umelipia Sh750 kwa kutumia Sh4,250, yaani karibu asilimia 17.6 kwa wiki mbili. Kwa hesabu ya mwaka hiyo ni takriban asilimia 460. Mchuuzi anayechukua mboga sokoni Marikiti alfajiri na kuzimaliza jioni hahitaji pesa za siku 14, ila ada hiyo haipungui hata akilipa kesho yake. Hata M-Shwari, mkopo wa benki unaopitia M-Pesa wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, inafikia asilimia 90 hivi kwa mwaka kabla ya ushuru. Ukiongezewa siku 30 nyingine, ada inatozwa upya.

Kuzitaja gharama ni lazima tayari. Tatizo ni mahali zinapotajwa: ndani ya masharti marefu ambayo mtu anayapita kwa kidole akiwa na haraka. Tunaitaka Benki Kuu ilazimishe mambo matatu yakae kwenye skrini moja kabla ya kitufe cha mwisho: shilingi zitakazoingia, shilingi zitakazolipwa na riba ya mwaka. Pia anayelipa mapema arudishiwe sehemu ya ada. Bila hivyo, ushindani wa bei hauwezi kuwepo, kwa sababu hakuna anayeweza kulinganisha.

Yapo pia mambo ambayo wadai wengine hawayataji. Deni lililo chini ya Sh1,000 halipaswi kukupeleka CRB, yaani ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, na kwa deni kubwa zaidi lazima upewe notisi ya siku 30. Ripoti moja ya CRB kwa mwaka ni bure. Lipa kwa nambari ya Paybill iliyo ndani ya apu peke yake, kamwe usitume kwa nambari ya wakala, na ujumbe wa M-Pesa uuhifadhi.

Ukisumbuliwa, piga picha za skrini zenye tarehe na nambari, uiandikie kampuni kwanza, kisha Benki Kuu. Kama wamewasumbua jamaa zako, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwenye tovuti yao au Britam Tower, Upper Hill. Sheria inawapa siku 90 kuyamaliza. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000. Jamaa aliyepigiwa simu anaweza kulalamika yeye mwenyewe, hata kama hakukopa senti.