Mitumba ya Ngamiani au fundi cherehani?

Mtu wa Tanga anayetafuta mtindo wa mavazi ulio wake kweli ana njia mbili: kuchagua mitumba kwenye mitaa ya Ngamiani hapa mjini, au kushonesha kwa fundi.

Nguvu ya mitumba ni kujaribu. Kwa bei ya gauni moja jipya la dukani unaondoka na blauzi kadhaa, kila moja na kola yake, mkono wake, urefu wake. Ndipo unapogundua kwamba kiuno cha juu kinakupendeza, au rangi ya udongo inakukaa kuliko nyeusi uliyoizoea. Tatizo ni joto la pwani: nguo nyingi zilishonwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na poliesta huku hunata mwilini. Shika kitambaa kwanza, soma lebo, mtindo baadaye.

Kwa fundi, kitambaa unachagua mwenyewe na vipimo ni vyako. Ila fundi hawezi kushona usichoweza kukieleza. Wengi humwonyesha kwenye simu picha ya mtu mwenye umbo jingine kabisa, kisha wanamlaumu yeye. Na ukishonesha kanga, mwambie mapema jina, yaani yale maandishi ya kanga, na pindo vikae wapi. Mkasi ukishapita, basi tena.

Mimi naanza na mitumba, bila kusita. Nguo ninayoivaa mpaka ichakae naipeleka kwa fundi iwe sampuli, anishonee nyingine ya kitenge cha pamba. Sare ya harusi tu ndiyo naipeleka kwa fundi moja kwa moja.