Makaburi ya umma, Mtwara mjini: nafasi bado ipo, nyota nne

Watu wamekuwa wakiulizana kama makaburi yetu ya zamani hapa mjini bado yanapokea, maana ilishavuma kwamba yamejaa. Yanapokea. Nimemzika mjomba wangu pale mwezi uliopita, na ninaandika kwa ajili ya yule atakayepigiwa simu ya msiba usiku wa manane asijue aanzie wapi.

Eneo ni mali ya mji, lakini wanaolihudumia kila siku ni kamati ya wazee wa mtaa na vijana wachimbaji. Hao ndio ninaowapa nyota nne.

Kwetu Wamakua mjomba ni mtu mzito, mazishi yake hayaachiwi majirani. Alfajiri tukatangulia na ndugu yangu, tukamkuta mzee wa daftari keshafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, poleni sana. Marehemu alikuwa mrefu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Akafungua daftari la jalada gumu: safu kwa herufi, kaburi kwa namba, jina la marehemu, mtaa aliokaa, tarehe. Akatupeleka moja kwa moja hadi mahali. Zamani kila familia ilikuwa ikichagua mti wake na kuchimba ilikopenda, hili limekaa hivi, lile limepinda vile, na katikati zikabaki pembepembe zisizomtosha hata mtoto. Sasa wamepiga kamba kutoka mkorosho wa kona hadi barabarani, na safu zote zinakwenda mashariki hadi magharibi. Kibla yetu huku ni kaskazini, kwa hiyo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, miguu magharibi. Mchimbaji ana fimbo aliyoitia alama kwa panga, alama moja ya upana wa kaburi, nyingine ya nafasi ya kuacha hadi kaburi linalofuata. Anailaza chini, anachora mchangani, ndipo sururu inashuka. Nilimwona akirudia kupima upande wa miguuni kwa sababu kaburi la jirani lilikuwa limekwenda mshazari kidogo, na hakuanza kuchimba mpaka aliporidhika.

Udongo wa pale ni mchanga, na ukishalowa, mwanandani wa ubavuni (lile shimo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti) unaporomoka. Hawakulazimisha. Walichimba mwanandani wa katikati na kuufunika kwa mbao walizoziweka akiba, zimeshakatwa kwa kipimo, kwa hiyo hamna kuhangaika kumtafuta seremala asubuhi ya msiba.

Nafasi hasa imetoka wapi? Kwenye zege. Kaburi lililosakafiwa, likawekewa vigae na kuzungushiwa kijiukuta, linakula upana wa futi saba au nane. Aliyelala chini yake hakuhitaji zaidi ya futi mbili na nusu. Hata ukiacha futi moja na nusu kando, jengo moja limekalia mahali pa watu wawili. Kamati haikubomoa cha mtu, imekataza mapya tu. Kwa Waislamu ni mashahidi wawili, yaani alama za kichwani na miguuni, na tofali la namba upande wa kichwani. Kwa Wakristo ni msalaba na kibao kisichozidi upana wa kaburi. Watoto wachanga wamepewa safu zao, badala ya kila kaburi dogo kushika nafasi ya mtu mzima. Kichaka cha upande wa bondeni nacho kimefyekwa.

Najua inauma kuambiwa usimjengee mtu wako. Matanga hayajaanuliwa, fundi mmoja wa vigae (simtaji) alishafika na picha kwenye simu, anamwonyesha mama marumaru nyeusi na nyeupe na kumwambia kaka yake asiachwe "kwenye mchanga kama hana watu". Maneno hayo kwa mfiwa si haki hata kidogo. Shehe wetu ndiye aliyemtuliza mama. Alimkumbusha kwamba Mtume alikataza kaburi kutiwa chokaa na kujengewa, hadithi ya Jabir iliyomo katika Muslim, na kwamba katika madhehebu ya Shafi tunayofuata watu wa pwani, jengo kwenye makaburi ya watu wote ni la kubomolewa, kwa kuwa linawabania wengine. Mama akasema basi, fedha ile iende kwenye hitima. Ikaenda.

Wapo wanaotaka tufukue makaburi ya kale. Wanataja London, ambako kuna makaburi ya jiji yanayotumiwa tena yakishapita miaka 75, baada ya tangazo kubandikwa na jamaa kupewa muda wa kupinga. Wanataja Singapore, ambako tangu 1998 kaburi hupewa miaka 15 tu kisha mabaki huondolewa. Wenzetu wana shida yao ya ardhi, siwalaumu. Hapa nawaomba wasikimbilie huko. Fiqhi yetu inaruhusu kuzika palipozikwa ikiwa mwili umeshakuwa udongo, na wa kuulizwa ni wajuzi wa ardhi ile ile, wala si kalenda peke yake. Sehemu ya kale haina daftari. Nani atasimama aseme huyu ana miaka mingapi chini? Kamati imetamka wazi kwamba haiguswi, na nawaunga mkono kwa moyo wote.

Kubaki mjini kuna maana kubwa kwa wasio na kitu. Mjomba tulimtoa msikitini mabegani, watu wakipokezana jeneza, wenye maduka wakitoka na kujiunga njiani. Makaburi yakihamia mbali nje ya mji, mfiwa atakodi Fuso kabla hajanunua sanda.

Nyota moja nimeibakiza kwa mambo mawili. Maji hakuna, ya kumwagia kaburi na kunawa mnabeba wenyewe. Na safu mbili za mwisho zimeibana njia ya katikati hata wabeba jeneza hawapiti wawili wawili. Mzee mmoja alikanyaga ukingo, mchanga ukamtoka mguuni, akadakwa na vijana. Nafasi itafutwe kwingine, njia iachwe.

Ukifikwa na msiba, tuma mtu kwa mzee wa daftari mapema, kabla hamjatangaza saa ya kuzika. Mpe jina kamili la marehemu na umwambie urefu wake. Chukueni madumu ya maji, manne yanatosha. Wachimbaji hawana bei, mnawapa mlichojaliwa, ila chai na mihogo ya asubuhi msiikose, maana wanaanza kazi kabla jua halijatoka.