Saa Moja Tuliyolipia Kwenye Skwoshi, na Kocha Aliyetutoa Nje

Klabu yenyewe sitaitaja. Wenyewe wanajijua, na wacheza skwoshi wa Dar es Salaam si wengi kiasi cha kushindwa kukisia. Ninachotaka kueleza ni jinsi mtu anavyoweza kulipia saa nzima ya uwanja, akatolewa nje kabla saa hiyo haijaisha, kisha akaambiwa kwamba hana sababu ya kulalamika kwa kuwa yeye si mchezaji wa mashindano.

Mimi na rafiki yangu tuliingia kwenye mchezo huu baada ya daktari kumpa yeye habari za presha, nami kuzipata habari za namna hiyo kutoka kwenye suruali zangu. Mpira wa miguu wa maveterani ulikuwa umekwisha kutushinda magoti, na kukimbia barabarani katika jiji hili ni kugombania njia na bodaboda. Skwoshi, mchezo wa kupiga mpira mdogo ukutani kwa raketi, inahitaji watu wawili, chumba kimoja na saa moja. Hakuna kusubiri timu itimie, mvua ikinyesha hamjali, na mpira ukiukosa unauokota hapohapo. Kazi yenyewe iko kwenye zile mbio fupi za kona hadi kona, kuinama, kugeuka na kurudi katikati, ilhali mwenzako amekwisha kuupeleka mpira kona nyingine. Jioni ya siku hiyo mtu unalala usingizi wa pono. Nayasema haya ili ieleweke kwamba hatukwenda pale kubarizi.

Jioni ninayoizungumzia ilikuwa ya masika. Tulilipa kwa simu kabla hata ya kubadili viatu, na dada wa mapokezi, kwa ukali ambao wakati ule niliuheshimu, alituamuru tugeuze viatu vyetu juu chini ili ahakikishe kuwa soli zake haziachi alama kwenye sakafu ya mbao. Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na tangazo lenye herufi kubwa linalokataza kuingia uwanjani na viatu vya nje. Ninaomba msomaji alikumbuke tangazo hilo.

Ndani tulikuta ukuta wa mbele umelowa. Katika mwambao huu si ajabu: chumba kikifungwa bila hewa ya kutosha wakati wa mvua, kuta hutoa jasho, na mpira unaogusa ukuta uliolowa haurudi kama ulivyotarajia, bali huteleza, hushuka na kufia sakafuni. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, au kimekufa. Kila tuliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Tuliufuta ukuta kwa taulo zetu wenyewe. Halafu ikabidi kuupasha mpira, kwa sababu ule mweusi wenye nukta mbili za njano ukiwa baridi haudundi hata ukiubembeleza. Lazima upigwe ukutani mfululizo mpaka upate joto ndipo mchezo uwe mchezo. Kwa hiyo sehemu nzuri ya saa yetu ilikuwa imekwenda kwa kazi ya klabu, nasi hatukunung'unika.

Tulipofika gemu ya mwisho nilikuwa ninaongoza kwa 9 dhidi ya 7, na gemu huisha kwa pointi 11. Rafiki yangu alikuwa amerudi nyuma kuufuata mpira uliodunda karibu na ukuta wa nyuma, mkono wa raketi ukiwa umeinuka, mlango wa kioo ukafunguliwa kuja ndani. Si kwamba uligongwa kwanza. Ulisukumwa tu, kama mlango wa duka. Raketi ilipita karibu kabisa na ukingo wa kile kioo. Anayeujua mchezo huu anaelewa kwa nini mlango haufunguliwi mpira ukiwa unachezwa: ni chumba kisichofika mita 10 kwa urefu, kina watu wawili wanaozungusha raketi kwa nguvu zote na mmoja wao ameupa mlango mgongo. Hata mtoto anayeanza hufundishwa kugonga na kungoja.

Aliyeufungua alikuwa kocha. Aliingia na viatu vyake vya nje, vyenye mchanga, akasimama katikati ya sakafu ambayo sisi tulikaguliwa soli kabla ya kuikanyaga, akasema, "Wazee wangu, muda wenu umeisha." Nilimwonyesha saa ya ukutani. Akasema ana mwanafunzi anayemwandaa kwa mashindano. Nikamwambia tumelipia saa nzima. Ndipo akatoa maneno ambayo mpaka leo yananikera: "Nyinyi mnatafuta jasho tu, na jasho mnaweza kulitoa hata nje."

Nikiri kwamba mwanafunzi wake, mvulana mdogo aliyesimama mlangoni na raketi karibu ndefu kuliko mkono wake, alituamkia shikamoo na akatuomba radhi kwa niaba ya watu wazima. Nilimwitikia marahaba kwa moyo mkunjufu. Skwoshi imeingizwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028, na siku moja kijana kama yule akituwakilisha huko mbele, nitashangilia kuliko baba yake. Lakini njia ya kwenda Olimpiki haipiti juu ya dakika za watu waliokwisha kuzilipia.

Tulitoka, tukaenda mapokezi, nikaomba daftari la kuandikisha. Jina la rafiki yangu lilikuwa limeandikwa kwa penseli, kisha nusu ya pili ya saa yetu ikafutwa kwa kifutio na jina la kocha likaandikwa juu yake. Vumbi la kifutio lilikuwa bado limekaa kwenye mkunjo wa ukurasa. Dada yule yule aliyekagua viatu vyetu alilitazama, akanitazama, akasema, "Kaka, hayo muulize mwenyewe." Meneja, alipopatikana, alisema atalifuatilia.

Kwa hasira zile niliapa kwamba mguu wangu hautakanyaga pale tena, na ningeandika hivyo hapa kama kungekuwa na uwanja mwingine wa kufaa karibu. Haki isemwe: sakafu yao ni ya mbao ya kweli, ina mnyumbuko unaoyahurumia magoti, na taa hazina kivuli kwenye kona za mbele. Mzee wa usafi, ambaye hakuhusika kwa lolote, alituletea maji ya kunywa na tambara kavu huku akitikisa kichwa. Asubuhi za katikati ya wiki, kocha akiwa hayupo, nadhani ndipo mahali pazuri kuliko pote jijini kwa watu wawili wanaotaka kuituliza presha bila kumeza vidonge zaidi. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Hata hivyo, kila nikifika kwenye lile neno la jasho, nyota zinapungua zenyewe. Klabu inayoishi kwa ada za watu wa kawaida wanaokuja kujinyoosha baada ya kazi inawezaje kuwaona watu hao kama wanaojaza nafasi tu mpaka wachezaji wa kweli wafike? Ninawapa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya mzee wa usafi. Atakayekwenda aombe risiti yenye saa ya kuanza na ya kumaliza, na ahakikishe jina lake limeandikwa kwa wino. Rafiki yangu, kwa upande wake, hana kinyongo na kocha hata kidogo, kwa kuwa anadai kwamba gemu ile iliisha sare.

Dakika zilizobaki bado tunazidai.